Umeokota Wapi?

ATIENO: Hamjambo nyote, karibuni tena. Mimi ni Atieno. Leo sirekodi nikiwa kwangu Kisumu. Nilidamka saa kumi na moja nikapanda matatu hadi Nakuru kwa mwenzangu, kwa hivyo mkisikia sauti imekauka, ni baridi ya Kericho iliyoingilia dirisha lisilofungika.

WAFULA: Karibu Nakuru, dada. Chai hiyo hapo, jimiminie. Wasikilizaji, mimi ni Wafula, mwalimu wa historia mstaafu, na leo nimeletewa mada ambayo nimekuwa nikiikwepa tangu tuanze kipindi hiki: akiolojia, kazi ya kufukua mabaki ya watu wa kale.

ATIENO: Umeikwepa kwa sababu ukianza hunyamazi.

WAFULA: Ndiyo hiyo sababu.

ATIENO: Kwa wageni wetu: mwalimu huyu shule zikifungwa alikuwa anabeba mwiko wa fundi na kofia anaenda kuchimba. Aprili, Agosti, Desemba. Wenzake wanarudi makwao kulima, yeye anaenda kulala kwenye hema na watu wa akiolojia.

WAFULA: Na kulima nilikuwa nalima. Mahindi hayangoji mtu.

ATIENO: Haya. Tumetumiwa ujumbe wa sauti na mzee mmoja wa Ahero. Ameomba tusimtaje jina, kwa hivyo nitausema kwa mdomo wangu. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amefanya vizuri, na sasa anasema anataka kusomea akiolojia. Mzee anauliza: "Hiyo ni kazi gani? Mimi nalima mpunga hapa Ahero, nachimba kila siku, na sikuhitaji digrii."

WAFULA: (anacheka) Mzee huyo nampenda. Kwanza nimpe haki yake, kuchimba anatushinda. Mpe yeye jembe na unipe mimi jembe, jua likifika utosini atakuwa amemaliza ekari na mimi nimemaliza shimo la mita moja kwa mita moja, tena limeshuka sentimita tano tu.

ATIENO: Asubuhi nzima?

WAFULA: Na siku hiyo nimekimbia. Ngoja nikuonyeshe inavyokwenda. Unapima mraba wako, unapigilia misumari minne kwenye pembe, unafunga uzi. Uzi huo ukiupiga teke ukausogeza, utasemwa mpaka jioni. Unachuchumaa, unashika mwiko, ule ule wa fundi wa mawe lakini mdogo, na hupigi nao chini. Unaukokota. Unakwangua udongo ukija upande wako, kama mtu anayekwangua ugali ulioshika sufuria. Udongo unaingia kwenye karai, karai linabebwa hadi kwenye chekeche, linachekechwa. Kinachobaki juu ya waya, kipande cha mfupa, kigae cha chungu, kibanzi cha jiwe, kinaingia kwenye juala, mfuko wa plastiki. Siku hizo majuala yalikuwa halali, msinishtaki. Na ndani ya juala unatia karatasi: shimo gani, tabaka gani la udongo, kina gani, tarehe, na nani alichimba.

ATIENO: Kumbe hiyo karatasi ndiyo kazi.

WAFULA: Umeifikia kabla yangu. Mzee wa Ahero akikuta kigae shambani anakitupa ukingoni, maana kinamwharibia jembe. Mimi nikikuta kigae, kabla sijakigusa naandika kimelala wapi. Kikishatoka mahali pake hakirudi tena, hata ukikirudisha kwa mikono yako miwili. Na nilijifunza hilo kwa aibu.

ATIENO: Tuambie hiyo aibu.

WAFULA: Nilikuwa bado chuoni, mara yangu ya kwanza kwenye uchimbaji, mahali fulani kusini mwa ziwa. Nilipewa kazi ya kuandika hizo karatasi. Nikajiona karani mkubwa. Tulikuwa tumeambiwa tuandike kwa penseli. Mimi nikaona penseli ni ya watoto wa darasa la tatu, nikatoa kalamu yangu ya wino wa buluu, mwandiko wa kuringa kabisa. Majuala 18 ya tabaka moja. Usiku ikanyesha, mvua ya ziwa unaijua wewe.

ATIENO: Naijua. Haipigi hodi.

WAFULA: Hema likavuja pale pembeni nilipoyapanga. Asubuhi nafungua juala la kwanza, karatasi imekuwa ya buluu yote. La pili, vivyo hivyo. Wino ulikuwa umeyeyuka na kuvipaka hata vigae vyenyewe. Penseli hata ingelala ndani ya maji ingesomeka.

ATIENO: Kiongozi wenu alisema nini?

WAFULA: Heri angenifokea. Alimwaga juala moja mezani akaniambia, "Soma." Nikamwambia hayasomeki. Akasema, "Sijakuambia usome karatasi. Nisomee hivi vigae. Vilikuwa juu ya jivu au chini ya jivu?" Sikujua. Palikuwa na jiko la kale katika tabaka lile, na swali lote la msimu ule lilikuwa ni kama wale watu walifika na vyungu vyao au walivikuta. Kazi ya siku nne ya watu sita. Vile vigae vikaishia kwenye ndoo ya mazoezi, ambamo vijana wapya hujifunzia kuosha kwa mswaki. Kila nilipopita nawakuta wanasugua buluu yangu.

ATIENO: Pole, mwalimu. Lakini nacheka.

WAFULA: Cheka tu. Hata sasa mimi hubeba penseli mfukoni. Hii hapa.

ATIENO: Wasikilizaji, ni kweli, ameitoa. Ina alama za meno.

WAFULA: Sasa nikwambie kitu kilichonipa faraja baadaye. Kuna mtu aliyeaibika zaidi yangu, na alikuwa mkubwa kuliko mimi mara elfu. Louis Leakey, mtafutaji wa mabaki ya binadamu wa kale.

ATIENO: Yule wa vitabu vya kidato cha kwanza?

WAFULA: Yeye. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, na mwaka 1932 alikuwa kijana anayetafuta jina. Alikuwa anachimba kwenu huko, Kanam, rasi ya Homa, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alikuwa anavunja bonge la udongo uliogandamana, ndani yake akakuta kipande cha taya la chini la binadamu. Leakey akatangaza kwamba huyo ni babu wa watu wa leo, na ni wa kale kuliko wote waliojulikana. Kule Uingereza wakakutana Cambridge mwaka 1933, wakamkubalia.

ATIENO: Mambo yakanyooka.

WAFULA: Yalinyooka mpaka 1935. Akaja mwanajiolojia wa London, Percy Boswell, mtu asiyeamini kitu mpaka akione. Akasema, nipeleke nikaone taya lilitoka wapi. Wakasafiri mpaka Kanam. Leakey hakupaona.

ATIENO: Hakupaona vipi? Si alikuwa ameweka alama?

WAFULA: Aliweka. Alipigilia vigingi vya chuma. Sasa fikiria wewe, chuma, kando ya ziwa, miaka ya 1930, kimesimama wima porini hakina mwenyewe.

ATIENO: (anacheka) Wenyeji wakang'oa.

WAFULA: Wakang'oa. Vikawa ndoana na ncha za mikuki. Na makorongo ya kule mvua mbili tatu zikipita yanageuka sura. Picha za kamera yake zilikuwa zimeharibika, na picha aliyoitumia badala yake ikaonekana ni ya mahali pengine kabisa. Boswell akarudi akaandika kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba mahali penyewe hapajulikani, kwa hivyo taya haliwezi kutegemewa. Kijana wa watu akaharibikiwa.

ATIENO: Na taya lenyewe? Lilikuwa la kale kweli?

WAFULA: Wengi waliolichunguza baadaye waliona si la kale kama alivyodai. Lakini hata lingekuwa la kale, angethibitisha na nini? Taya lilikuwa mkononi. Mahali palikuwa pamepotea.

ATIENO: Kwa hivyo watu wa Kanam walimharibia kazi.

WAFULA: Hapo ndipo nisipokubaliana na wengi wanaosimulia kisa hiki. Wanakisimulia kama kichekesho cha wenyeji wasiojua thamani ya sayansi. Mimi nauliza hivi: kuna mtu aliyewaambia wale wavuvi vigingi ni vya nini? Kuna aliyekaa nao akawaeleza, jamani, hapa pametoka mfupa wa mtu wa kale, hiki chuma ndicho kumbukumbu yake, tulindieni? Mvuvi ameona chuma, na anajua chuma kinafanya nini.

ATIENO: Angekuwa baba yangu angekichukua pia. Na angekipigia mbiu mwaloni kwamba kuna vingine.

WAFULA: Basi. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini nilichagua kufundisha badala ya kubaki kwenye uchimbaji mwaka mzima, namwambia kisa cha Kanam. Unaweza kupigilia vigingi mia. Mtoto wa pale pale asipojua ni vya nini, umempa ndoana.

ATIENO: Umemtaja Juma Gitau. Mimi jina hilo sijawahi kulisikia, na historia nilisoma.

WAFULA: Kwa sababu kwenye kitabu chako iliandikwa "Leakey alivumbua". Hili nalo linaniuma. Kuna ripoti moja, siitaji ni ya nani wala ya wapi, tulichimba wiki sita, kijana wa kijiji ndiye aliyekiona kitu kikubwa cha msimu ule, mimi nikiwa nimekipita mara mbili. Ripoti ilipotoka nikafungua kurasa za mwisho. Mimi nimo, jina langu limekosewa herufi. Yule kijana ni "kibarua mmoja".

ATIENO: Mmoja!

WAFULA: Mmoja wao. Ukipoteza jina la aliyeokota, umepoteza sehemu ya ile "wapi" pia, maana yeye ndiye anayekumbuka alikuwa amesimama wapi, jua lilikuwa upande gani, kwa nini aliinama. Mwangalie Kamoya Kimeu. Hakusoma sana, aliacha shule mapema, akaanza kazi na kina Leakey mwaka 1960. Mwaka 1984 kule Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu kwenye kokoto, rangi moja na kokoto zenyewe. Wakachimba, kikatoka kiunzi karibu kizima cha mtoto wa kiume, yule Mtoto wa Turkana. Milioni moja na nusu ya miaka. Kamoya alifariki mwaka 2022, na watu wa fani hii ukimtaja wanakaa vizuri kwenye kiti.

ATIENO: Na rasi ya Homa iliishia hapo? Ikabaki na fedheha ya Kanam?

WAFULA: Hapana, hiyo ndiyo raha yake. Ni rasi ile ile. Mwaka 2023 ilitangazwa kazi ya Nyayanga. Zana za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya kiumbe anaitwa Paranthropus, ambaye si babu yetu, ni kama binamu wa mbali. Umri kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ni miongoni mwa zana za kale zaidi za aina hiyo duniani. Na waliokwenda pale walielekezwa na mwenyeji aliyekuwa akifanya kazi nao. Safari hii jina lake likaandikwa magazetini.

ATIENO: Kidogo kidogo.

WAFULA: Kidogo kidogo.

ATIENO: Nakumbuka majina ya mahali pa kale tuliyokaririshwa. Rusinga, Fort Ternan, Songhor, Kariandusi, Hyrax Hill. Tuliyaimba kama beti. Ungeniuliza Kariandusi iko wapi ningekwambia Tanzania.

WAFULA: Na ulipita hapo leo?

ATIENO: Mimi natoka Kisumu, mwalimu. Kariandusi iko ng'ambo ya pili.

WAFULA: Aa, kweli, iko Elementaita, njia ya Gilgil. Unaona, umeshajifunza. Sasa Hyrax Hill iko hapa hapa, kilomita chache kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi. Kilima cha pimbi, ingawa pimbi ukiwaona siku hizi una bahati. Nilikuwa napeleka kidato cha kwanza kwa miguu. Wananuna njiani, wanafika, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni bao lililochongwa kwenye mwamba.

ATIENO: Bao la kucheza?

WAFULA: La kucheza. Vishimo viwili viwili kwenye jiwe. Wajaluo wanasema hii ni ajua, Wakikuyu wanasema giuthi, wanaanza kubishana sheria za nani ndizo sahihi. Nawaacha. Hilo ni somo tayari. Wakichoka nawapeleka kwenye mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa.

ATIENO: Hayo ndiyo nilitaka ueleze. Nilipoyaona niliona mabonde tu ya nyasi.

WAFULA: Kila mtu huona hivyo. Mary Leakey, mke wa Louis, alichimba kilima kile mwaka 1937 na 1938, kabla hajawa yule Mary Leakey aliyepata sifa Olduvai, Tanzania. Akayakuta hayo mabonde ya mviringo, akafikiri ni nyumba zilizochimbiwa ardhini. Watu walikaa mle. Ilionekana hivyo na ilikuwa na akili. Miaka ya 1980 akaja mwanaakiolojia John Sutton, akachimba tena, akaangalia kile kilima kidogo cha takataka kinachokaa mlangoni mwa kila shimo, upande wa mteremko. Nini kile? Samadi. Samadi iliyofagiliwa nje mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe ndio waliolala mle. Watu walilala nyumba za pembeni, zilizoshikana na zizi.

ATIENO: Kwa hivyo Mary Leakey alikosea.

WAFULA: Alikosea kuhusu nyumba. Lakini niambie, Sutton alijuaje mahali pa kuchimba tena miaka 50 baadaye?

ATIENO: Mary aliandika.

WAFULA: Aliandika na kuchora kila shimo. Ramani zake zinasomeka mpaka leo. Mimi huwaambia wanafunzi, mkitaka kukosea, koseeni kama Mary Leakey. Mwenzako anaweza kukusahihisha. Kosa langu mimi na kalamu yangu ya buluu, hakuna wa kulisahihisha.

ATIENO: Wanafunzi walikuwa wanaelewa habari ya samadi?

WAFULA: Walioelewa upesi kuliko wote ni watoto wa wafugaji. Kulikuwa na msichana mmoja kutoka upande wa Mogotio, kimya darasani, hainui mkono. Tulipofika pale akanitazama akasema, "Mwalimu, hii si nyumba. Mlango umeelekea chini ili mkojo wa ng'ombe utoke." Sikuwa nimefika hapo bado katika maelezo yangu.

ATIENO: Alikuwa amefagia zizi.

WAFULA: Tangu ana miaka sita. Tazama, mwanajiolojia wa London alihitaji kuonyeshwa, yule mtoto alihitaji kuulizwa tu.

ATIENO: Nyumbani Siaya kuna mahali panaitwa Urewe, karibu na Yala. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyetuambia chochote. Nikaja kukuta chuo kikuu jina la kwetu linatumiwa kuita vyungu vya mpaka Rwanda.

WAFULA: Rwanda, Burundi, Uganda, kuzunguka ziwa lote. Watu waliofua chuma mapema pande hizi ndio wanaohusishwa na vyungu hivyo. Hadithi yake inamhusu mtu wa dini, Walter Owen, archidikoni wa Kavirondo, yaani kasisi msimamizi wa Kianglikana pande zenu za ziwa.

ATIENO: Yule aliyesumbua serikali ya kikoloni?

WAFULA: Huyo huyo. Aliwatetea wenyeji kuhusu kodi na kazi ya kulazimishwa mpaka walowezi wakamchukia. Na akizunguka kuhubiri alikuwa anaokota. Kisiwa cha Maboko, pale karibu na Kisumu, ndiye aliyegundua mifupa ya kale mwaka 1933. Vyungu vya Urewe navyo alivikusanya yeye. Vilitangazwa rasmi mwaka 1948, mwenyewe ameshafariki. Unajua vinatambulikaje?

ATIENO: Niambie, ingawa ni vya kwetu.

WAFULA: Kitako. Geuza chungu, kwenye kitako katikati kuna kibonyeo. Kama mfinyanzi kabla ya kuchoma aliweka kidole gumba akabonyeza. Nimewahi kukishika kimoja, kwa ruhusa, nikaweka gumba langu pale. Linaingia.

ATIENO: Wee.

WAFULA: Linaingia kabisa. Na mikwaruzo ya mapambo shingoni, mistari sambamba, safi, mkono usiotetemeka. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nilinyamaza.

ATIENO: Umenyamaza na hapa. Sijazoea.

WAFULA: (anacheka) Endelea wewe.

ATIENO: Mimi nilikwenda Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, baada ya UNESCO kupaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Nilitarajia vifusi. Nikakuta ukuta umenipita kimo mara mbili, mawe yamepangwa bila udongo, bila saruji, bila chochote. Mlangoni lazima uiname. Nikawaza, ukiinama hivyo shingo yako imeshafika ndani kabla ya mikono.

WAFULA: Ndiyo maana ya mlango ule. Na umeona wameupangaje? Uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo ya kujazia na kuzifunga zile nyuso mbili. Kuta za kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Zimesimama karne nyingi. Huku nyumba yangu hii ya saruji ina ufa, uangalie hapo nyuma yako.

ATIENO: Nimeuona tangu nikae. Sasa tumrudie mzee wa Ahero. Alitaka kujua binti atakula nini.

WAFULA: Tusimdanganye. Nafasi za kufundisha chuo kikuu ni chache. Makavazi ya Kitaifa, yaani makumbusho, huajiri, lakini si kila mwaka. Kazi nyingi siku hizi ni za tathmini: barabara inajengwa, bomba linapita, mvuke wa kuzalishia umeme unachimbwa kule Olkaria, lazima atangulie mtu aangalie kama kuna makaburi au makazi ya kale. Hiyo inalipa, ingawa si kila mwezi. Wengine wanaongoza wageni. Wengine kama mimi wanashika chaki. Akitaka kazi ya dawati na mshahara wa tarehe 30, achague kingine.

ATIENO: Anahitaji kuwa hodari wa nini? Hesabu?

WAFULA: Ajue kuchora kidogo. Hesabu za vipimo. Jiografia, kemia haidhuru. Asiogope jua, na asiwe mtu wa kukata tamaa asipopata kitu, kwa sababu siku nyingi hupati. Na siku hizi kuna mbegu.

ATIENO: Mbegu?

WAFULA: Kakapel, kule Busia, kwa Wateso, kwenye ule mwamba wenye michoro. Udongo wa mle hauishii kwenye chekeche tu. Unamiminwa ndani ya maji, unakorogwa polepole. Mchanga unazama. Mbegu zilizoungua jikoni maelfu ya miaka iliyopita ni nyepesi, zinaelea juu kama makapi ya wimbi mama anapoosha. Unazichota kwa kitambaa chepesi, unazianika kivulini. Mwaka 2024 matokeo yakatoka: kunde za miaka 2,300 hivi iliyopita, na wimbi wa miaka 1,000 na zaidi.

ATIENO: Kunde! Zile za boo, mboga ya majani tunayokula na ugali?

WAFULA: Hizo hizo. Zilikuwa zimeungua jikoni kwa mtu.

ATIENO: Mzee wa Ahero hapo utakuwa umempata. Mkulima ukimwambia kuna kazi ya kutafuta kunde za babu zake, ataelewa.

WAFULA: Na amwambie binti kitu kimoja, asianze kuchimba mwenyewe. Kuna sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, huchimbi bila leseni, na ukikuta kitu unatoa taarifa. Watu huja nyumbani kwangu na vitu kwenye kitambaa. "Mwalimu, ona shoka hili." Ninauliza jambo moja tu: umeokota wapi? "Huko." Huko wapi? "Huko chini." Basi shoka limekufa.

ATIENO: Wote wanasema "huko"?

WAFULA: Karibu wote. Isipokuwa mmoja. Ngoja nimalizie na huyu, halafu unywe chai, imepoa. Miaka michache iliyopita jirani yangu, mama mmoja, alikuwa anachimbiwa choo. Vijana wawili na sururu. Wakafika kiunoni, nikasikia kimya. Sururu imenyamaza. Nikafikiri wameenda kudai pesa ya chakula. Kumbe mmoja yuko langoni kwangu, amejaa udongo, mikono mitupu.

ATIENO: Hakubeba kitu?

WAFULA: Hakubeba kitu! Akaniambia, "Mwalimu, kuna vigae, lakini sijavitoa." Nikaenda mbio na malapa. Kwenye ukuta wa shimo, pale vigae vilipochungulia, amechomeka kijiti, na kijiti amekifunga kitambaa chekundu alichorarua kwenye shati lake. Na yule mwenzake amemkalisha ukingoni alinde watoto wasije wakashuka.

ATIENO: Nani alimfundisha?

WAFULA: Nikamtazama usoni, nikamkumbuka. Kidato cha kwanza, dawati la nyuma. Historia alikuwa anapata D, na mara moja alipata E. Siku ya Hyrax Hill alikuwa anatupia pimbi mawe, nikamwadhibu kwa kumshikisha ule uzi wa kupimia mchana kutwa, sehemu moja, asiusogeze.

ATIENO: (anacheka) Kumbe alikuwa anasikiliza.

WAFULA: Nikatoa penseli, nikaandika kina, nikaandika tarehe, nikamuuliza majina yake yote mawili nikayaandika. Nikawapigia watu wa makavazi.

ATIENO: Na choo?

WAFULA: Kikasogezwa mita kumi, karibu na jiko. Yule mama tangu siku hiyo hajanisalimia.